Moshi wa Kuagizwa: Niliyojifunza Nikifuata Safari za Treni za Mvuke

Karibu kila picha nzuri ya treni ya mvuke niliyowahi kupiga inaonyesha kazi iliyofanywa ili ipigwe picha. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu mtu anayeiona picha hiyo ukutani, moshi mzito ukiwa umejikunja juu ya mabehewa na mvuke ukiwa umeyafunika magurudumu, hudhani ameonyeshwa siku ya kawaida ya reli ya zamani, ilhali nyuma ya kamera yangu walikuwapo abiria wengi waliolipa nauli, wamejipanga kando ya tuta wakiisubiri treni ile ile iliyowashusha muda mfupi uliopita. Sisi wapenzi wa reli tunalijua hilo na hatulizungumzi sana. Miaka ya kufuata safari hizi imenifundisha kwamba swali la ukweli wa picha za namna hiyo lina jibu, na kwamba jibu hilo hutafutwa kwanza ndani ya injini, kisha ndani ya kamera.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Treni ya matembezi husimama mahali palipochaguliwa mapema, kwa kawaida kwenye kona au karibu na daraja; wanaotaka picha hushuka, wasimamizi huwapanga upande ule ambao jua liko mgongoni mwao, na treni hurudi nyuma taratibu mpaka ipotee machoni. Filimbi husikika kwa mbali, treni huja mbele kwa nguvu zake zote, hupita mbele ya kamera, husimama, kisha hurudi kuwachukua watu wake. Nchini Marekani kampuni ya reli ya Reading, iliyokuwa Pennsylvania, iliendesha kuanzia mwaka 1959 hadi 1964 safari zilizoitwa Iron Horse Rambles, zikivutwa na injini kubwa za daraja la T-1, na kusimama kwa ajili ya picha kulikuwa sehemu ya kile ambacho abiria alikuwa amekilipia. Treni za kila siku za kampuni hiyo zilikuwa zimeshahamia kwenye diseli. Kwa hiyo tangu enzi hizo mpigapicha alikuwa akitazama kitu ambacho kisingekuwapo kama yeye na wenzake wasingekuwapo.

Moshi ndio ulionifungua macho. Katika kituo kimoja, wakati injini ikijazwa maji, nilimsikia mpigapicha mmoja akimwomba mchochea moto atoe moshi mweusi zaidi kwenye mpito wa pili, yaani treni itakapopita mbele ya kamera mara ya pili. Yule bwana alikubali kwa adabu, na baadaye, nilipomuuliza kwa nini uso wake ulikunjamana, alinieleza kwamba moshi mweusi ni makaa yaliyolipiwa yakitupwa hewani. Mchochea moto aliyefunzwa vizuri hujitahidi dohani yake itoe ukungu mwembamba wa kijivu tu, kwa sababu weusi maana yake ni kwamba moto umepewa makaa mengi kuliko hewa, na chembe za kaboni zinatoka bila kuungua. Katika injini zinazotumia mafuta mazito weusi huo hutokea pia pale mchanga unaporushwa ndani ya tanuri ili usugue masizi yaliyoganda kwenye mabomba, kazi ya usafi ambayo wapigapicha wameipenda kuliko inavyostahili. Kumbe tulichokuwa tukikiomba kwa furaha, na kukiita nguvu, kwa mtu wa kazi kilikuwa ushahidi wa moto uliotunzwa vibaya.

Tangu hapo niliacha kuuliza kuhusu lenzi na kuanza kuuliza kuhusu injini, nami naamini kwamba hakuna fundisho la upigaji picha lililonisaidia kuliko maelezo ya jinsi mvuke unavyofanya kazi. Makaa huungua ndani ya tanuri juu ya wavu wa chuma, na gesi za moto hupita katika mabomba mengi yaliyozamishwa kwenye maji ya boila. Mvuke unaopatikana, ukishapashwa joto zaidi katika injini nyingi za karne ya 20, huingia kwenye silinda na kuisukuma pistoni, mara kutoka upande huu na mara kutoka upande ule. Ukishamaliza kazi hiyo hauachwi ujiendee ovyo: hupigwa kwenda juu kupitia mdomo mwembamba ulio chini ya dohani, na kasi yake ndiyo inayozivuta gesi kutoka kwenye mabomba, nazo gesi zikiondoka hewa mpya huvutwa kupita katikati ya makaa. Matokeo yake ni mtambo unaojipuliza wenyewe, kwani kadiri mzigo unavyokuwa mzito na mwinuko mkali, ndivyo mvuke mwingi unavyopita kwenye dohani, na ndivyo moto unavyowaka zaidi ili kutengeneza mvuke mwingine. Injini yenye silinda mbili hupumua mara nne katika kila mzunguko wa magurudumu yake makubwa, na mtu aliyezoea husikiliza pumzi hizo na kujua, treni ikiwa bado nyuma ya kilima, kama inaongeza mwendo, inahema kwa shida, au magurudumu yameteleza juu ya reli yenye umande.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya shule hulisema na ambalo sikulitia maanani mpaka nilipolihitaji, nalo ni kwamba mvuke hauonekani. Weupe tunaoupenda ni matone madogo mno ya maji, yanayotokea pale mvuke unapokutana na hewa iliyo baridi kuliko wenyewe, na ndiyo maana injini ile ile, kwenye mwinuko ule ule, ikivuta mzigo ule ule, hutoa wingu kubwa kama mlima asubuhi yenye baridi na karibu isitoe kitu mchana wa joto. Kwa miaka mingi wapenzi wa reli kutoka nchi mbalimbali walisafiri hadi kaskazini mwa China, katika reli ya Jitong, kwenye mlima wa Jingpeng, na wengi wao walichagua majira ya baridi kali. Huko injini za daraja la QJ, ambazo China iliendelea kuziunda hadi mwaka 1988, zilipandisha treni za mizigo zikiwa mbili mbili, na kazi hiyo haikuwa maonyesho ya mtu yeyote: kulikuwa na shehena ya kufikishwa, na reli ilikuwa na mlima katikati. Matumizi hayo ya kawaida yalikoma mwishoni mwa mwaka 2005. Ninapozitazama picha za Jingpeng nazielewa kama kipimo, kwa sababu zinaonyesha moshi na mvuke vinavyokuwa pale ambapo hakuna aliyeviagiza.

Kipimo hicho kilinifundisha kuzisoma picha zangu mwenyewe. Vali za usalama zinapofoka mvuke juu ya boila, injini ina mvuke mwingi kuliko inavyoweza kuutumia, kwa hiyo haifanyi kazi ngumu hata kama dohani imejaa weusi. Mvuke unaotoka chini, mbele ya silinda, una maana yake pia. Dereva hufungua koki zilizoko chini ya silinda anapoanza mwendo ili kutoa maji yaliyojikusanya humo, maana maji hayabanwi kama mvuke na yanaweza kuvunja chuma. Treni ikishashika kasi, koki hufungwa. Ukiona picha ya treni iliyo katika mwendo mkali huku mapazia meupe yakitanda pande zote mbili za magurudumu ya mbele, mara nyingi umemwona dereva mkarimu aliyewafungulia wapigapicha koki. Moshi wa injini inayovuta kweli hupaa wima kwa nguvu na kuachana na dohani kwa kishindo, ilhali moshi wa injini inayokokota mabehewa machache katika tambarare hutambaa nyuma kwa uvivu, wakati mwingine ukiyaficha mabehewa yenyewe. Mwinuko hauwezi kuigizwa. Ndiyo sababu siku hizi, kabla ya kuulizia jua litakuwa wapi, naulizia mteremko uko upande gani, treni itakuwa na mabehewa mangapi, na kama kuna injini ya diseli itakayosukuma kutoka nyuma.

Hilo la diseli huwakera wengi, na nimesikia likilalamikiwa kwa uchungu kupita kiasi. Ni kweli kwamba diseli nyuma ya treni huipunguzia injini ya mvuke kazi, na kwamba picha ya mkia wa treni huharibika. Lakini reli za leo zina treni nyingine zinazosubiri zamu, na injini ya zamani ikikwama peke yake kwenye njia kuu, kampuni husika haitakuwa na hamu ya kuikaribisha tena. Hata Big Boy namba 4014 ya kampuni ya reli ya Union Pacific, mojawapo ya injini 25 zilizoundwa kati ya mwaka 1941 na 1944 kwa ajili ya kupandisha mizigo mizito katika milima ya Wasatch, mara nyingi husafiri na diseli nyuma yake. Ilirudishwa njiani mwezi Mei 2019, baada ya kukaa kwenye maonyesho huko California kwa zaidi ya nusu karne na kubadilishwa itumie mafuta badala ya makaa. Mimi huitazama diseli hiyo kama bima, nami huichagua kona ambayo mkia hauonekani.

Historia ya safari hizi inaeleza kwa nini picha nyingi za mvuke zinatoka katika miaka yake ya mwisho na miaka iliyofuata baada ya mwisho huo. Uingereza ilihitimisha treni zake za mvuke za njia kuu tarehe 11 Agosti 1968 kwa safari maalumu ya kutoka Liverpool kupitia Manchester hadi Carlisle na kurudi. Nauli ilikuwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15, kiasi kilichowashangaza watu wa wakati huo, na watu walijaa kando ya njia kuiona ikipita. Baada ya hapo injini za mvuke zilipigwa marufuku katika njia kuu, isipokuwa Flying Scotsman, ambayo mmiliki wake, Alan Pegler, alikuwa na mkataba unaomruhusu kuiendesha. Pegler aliinunua mwaka 1963, akaipeleka Marekani mwaka 1969, na mwaka 1972 alitangazwa kuwa amefilisika. William McAlpine ndiye aliyeirudisha nyumbani mwaka 1973. Marufuku ilikuwa imelegezwa Oktoba 1971, ilipokubaliwa injini ya King George V ivute mabehewa ya abiria tena. Nikisoma habari za Pegler huwa najiuliza ni wangapi kati ya waliokuwa na picha za Flying Scotsman waliwahi kununua tiketi ya kupanda treni yake.

Swali hilo linanigusa kwa sababu tuko wa aina mbili. Wapo wanaolipa nauli na kushuka pale treni inaposimama, na wapo wanaoifuata kwa gari kutoka daraja hadi daraja, wakapata picha nyingi zaidi katika siku moja bila kuchangia hata ndoo ya makaa. Nimekuwa katika makundi yote mawili, na sioni dhambi katika kulifuata garimoshi kwa barabara. Hata hivyo nimejiwekea utaratibu kwamba nikilifuata kwa gari nachangia mfuko wa matengenezo wa chama kinachoitunza injini kiasi kinachokaribia nauli, kwa kuwa najua fedha hizo zinakwenda wapi. Marekani, kanuni zinaitaka injini ya mvuke ifunguliwe na boila yake ikaguliwe kikamilifu baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litakalotangulia. Mabomba hutolewa yote, bati za boila hupimwa unene, na kazi hiyo inaweza kuchukua miaka na kumeza akiba yote ya kikundi cha watu wa kujitolea. Kanuni hizo zilikazwa baada ya ajali ya mwaka 1995 huko Gettysburg, ambapo maji ya boila yalishuka mno katika treni ya matembezi na watu watatu waliokuwa kwenye injini wakaungua. Mtu aliyeisoma taarifa ya ajali ile hamsumbui tena mchochea moto kwa maombi ya moshi wakati anapaswa kuangalia kioo kinachoonyesha kiwango cha maji.

Turudi kwenye suala la kupanga picha. Aliyelipeleka mbali kuliko wote ni O. Winston Link, mpigapicha wa matangazo kutoka New York, ambaye kati ya mwaka 1955 na 1960 alizipiga picha treni za mvuke za kampuni ya reli ya Norfolk and Western, hasa usiku, akitumia balbu za flashi zilizounganishwa kwa nyaya ndefu. Hoja yake ilikuwa kwamba jua na reli haviwezi kusogezwa, kwa hiyo mwanga atauleta yeye. Picha yake mashuhuri ya tarehe 2 Agosti 1956, iliyopigwa Iaeger, West Virginia, inaonyesha watu wakitazama sinema ndani ya magari huku treni ya mizigo ikipita nyuma ya skrini. Vijana wawili wa mbele wamekaa katika gari la Link mwenyewe, zaidi ya balbu 40 ziliwaka kwa mkupuo mmoja, na kwa kuwa mwanga huo uliifuta picha iliyokuwa kwenye skrini, ndege inayoonekana hapo iliongezwa baadaye katika chumba cha kusafishia picha. Ni picha iliyopangwa kuanzia kona hadi kona. Lakini treni ile ilikuwa na mzigo wake na ratiba yake, na kampuni ile ilikuwa miongoni mwa za mwisho nchini humo kuitegemea mvuke. Kwa Link, mazingira yalipangwa na kazi ilikuwa halisi. Katika safari zetu za matembezi mara nyingi mazingira ni halisi na kazi ndiyo iliyopangwa. Nikishalielewa hilo, sikuona tena sababu ya kuona haya, ila niliona sababu ya kuandika wazi nyuma ya kila picha nilichokipiga: mabehewa mangapi, diseli ilikuwapo au haikuwapo, ulikuwa mpito wa picha au treni ilikuwa ikipita kwa safari zake.

Watu wa kizazi cha Link walikuwa pia na kikwazo ambacho sisi wenye kamera za kidijitali tunakisahau. Kodachrome ya mwanzo, filamu ya rangi iliyopendwa na wapenzi wa reli kwa sababu rangi zake hudumu, ilikuwa na ASA 10 tu, yaani wepesi mdogo sana wa kuhisi mwanga. Ile ya ASA 25 ilikuja mwaka 1961, na ya ASA 64 mwaka 1962. Hata chini ya jua kali la saa sita, filamu ya ASA 10 ilimlazimu mtu afungue tundu la lenzi karibu lote ili apate kasi ya shata ya kuigandisha treni. Kwa hiyo walisimama jua likiwa mgongoni, wakaipiga treni kwa mshazari, pua ya injini mbele na mabehewa yakipungua nyuma, na wakasubiri mikono ya chuma inayounganisha magurudumu ishuke chini. Wengi huudharau mtindo huo kwa kuwa umezoeleka. Mimi nauheshimu, kwani ulitokana na kiwango cha mwanga, na vilevile unaonyesha magurudumu, namba na silinda kwa uwazi ambao picha za machweo, zenye injini nyeusi kama kivuli, haziwezi kuutoa.

Kuhusu adabu za mstari wa wapigapicha ningeweza kuandika mengi yasiyopendeza, lakini yaliyo muhimu ni machache. Mtu akishasimama, asisogee mbele. Aliye mrefu akae nyuma au apige goti. Wapo wanaorekodi sauti, na hao husahaulika kila mara: treni ikishapita, mtu asipige makofi wala kumwita mwenzake mpaka pumzi za injini zipotee kabisa, maana kwao sehemu iliyo tamu ndiyo hiyo ya mwisho ambayo sisi tumeshafunga kamera. Kuingia relini hakuna udhuru. Tarehe 25 Februari 2016 Flying Scotsman iliporudi rasmi njiani kutoka stesheni ya King's Cross, London, kwenda York, baada ya matengenezo ya miaka mingi, treni ililazimika kusimama kwa sababu watu walikuwa wameingia kwenye njia ili kuipiga picha. Nawajua watu wanaosema kwamba ilikuwa siku ya furaha na wasimamizi walikuwa wakali mno, sikubaliani nao. Treni za kawaida za upande wa pili hazipigi kelele kama injini ya mvuke, na mtu aliyeegemeza jicho kwenye kamera hasikii kinachokuja nyuma yake.

Jambo lililochelewa kunifikia ni thamani ya saa zile ambazo treni haitembei. Abiria wengi hufika dakika chache kabla ya kuondoka, wakati kazi ilianza usiku uliotangulia, kwa kuwa boila kubwa lililopoa halipashwi kwa haraka bila kulidhuru. Chuma lazima kipanuke taratibu na kwa usawa. Nimeomba ruhusa mara nyingi kuwapo alfajiri, na huko nimepiga picha ambazo hakuna aliyewahi kuomba zitundikwe: mtu akikwangua majivu, mwingine akipita na kopo la mafuta akigusa kila kiungo kwa mgongo wa mkono kuona kama kina joto, funguo zilizopangwa juu ya kitambaa. Mwingereza Eric Treacy, aliyekuja kuwa askofu wa Wakefield na mmoja wa wapigapicha wakubwa wa reli nchini mwake, alijenga urafiki na wafanyakazi wa reli alipokuwa kasisi Edge Hill, Liverpool, na urafiki huo unaonekana katika picha zake, kwani watu waliomo ndani yake wanamtazama kama mtu wanayemfahamu. Alifariki mwaka 1978 katika stesheni ya Appleby, akiwa anasubiri kuipiga picha treni maalumu iliyovutwa na Evening Star, injini ya mvuke ya mwisho kuundwa na shirika la reli la nchi hiyo mwaka 1960.

Picha za alfajiri zimeonekana kuwa na wateja wasiotarajiwa, nao ni mafundi. Kikundi kimoja kinachorudisha injini katika hali yake kiliniandikia kikitaka picha ya upande wa kushoto wa pampu ya hewa, jinsi mabomba yalivyopinda kabla ya kuondolewa na mtu asiyejulikana miaka iliyopita. Hawakutaka moshi, walitaka boliti. Tangu siku hiyo, injini inaposimama, naizunguka yote na kupiga kila upande kwa mwanga ulio sawa, hata chini ya ubao wa miguu, na faili hizo naziweka pamoja na zile za mlimani badala ya kuzifuta.

Kazi inayonichukua muda mwingi sasa haihitaji kamera kabisa. Wapigapicha wa miaka ya 1950 na 1960 wamezeeka au wamekwisha kufariki, na masanduku yao ya slaidi yanawaangukia watoto ambao hawajui injini moja kutoka nyingine. Zipo taasisi zinazopokea mikusanyo ya namna hiyo, kama Center for Railroad Photography & Art ya Madison, Wisconsin, iliyoanzishwa mwaka 1997, lakini picha isiyo na maelezo huwa mzigo hata kwa hifadhi yenye nia njema. Kwa hiyo mimi na wenzangu wachache hukaa na masanduku tuliyoletewa tukijaribu kuzitambua. Muhuri wa mwezi na mwaka kwenye fremu ya kadibodi husaidia, ingawa unaeleza filamu ilisafishwa lini, na mtu mwenye ubahili angeweza kuiacha filamu ndani ya kamera kuanzia kiangazi hadi mwaka mpya. Namba ya injini husaidia zaidi, na vifaa vilivyofungwa juu yake husaidia hata pale namba imefichwa na mvuke. Injini za mvuke za aina ya Garratt za daraja la 59 za Afrika Mashariki, 34 kwa jumla, zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima, zilikuja na dohani za kawaida, kisha zikafungwa dohani bapa zilizobuniwa na Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria. Umbo la dohani pekee linatosha kuigawa picha katika enzi mbili.

Slaidi tuliyonayo mezani hivi sasa ina injini ya T-1 namba 2124, bendera mbili nyeupe mbele, alama iliyobebwa Marekani na treni zisizokuwa kwenye ratiba, na vichwa vya watu vimetokeza karibu katika kila dirisha, kwa hiyo hatuna shaka kwamba ni mojawapo ya zile safari za Reading. Muhuri unasema Oktoba 1960. Mmoja wetu anadai kwamba paa la stesheni iliyo nyuma linaitambulisha stesheni yenyewe, mwingine anajibu kwamba kampuni ilijenga mapaa ya namna ile mahali pengi, nami nimejikita kwenye kivuli cha nguzo ya simu, ambacho kinaangukia upande usiolingana na ramani ya yeyote kati yao.